Picha Isiyotikisika

Barua ilikuja na msafiri, kama zilivyokuja zote, na ndani yake mlikuwa na maneno mawili ambayo Tumu aliyasoma mara tatu: "Niliizima, mwanangu."

Kilichozimwa kilikuwa kanda ya video. Tumu aliipiga kwa mikono yake mwenyewe, nyumba yao yote ya Jomvu Kuu, kuanzia barazani hadi uani, ili mama yake aione huko Maskati. Bi Kulthum aliolewa huko baada ya baba yao kufariki. Aliwaacha Tumu na mdogo wake Mwanaima kwa bibi yao, na bibi naye alipokwenda mbele ya haki, wakabaki na mama yao mkubwa. Kila mwaka Bi Kulthum alisema atakuja mwakani, inshallah. Mwakani ikazaa mwakani mwenziwe, hata ikatimia miaka tisa.

"Picha yarukaruka kama mtu aliyepakiwa juu ya punda," aliandika. "Nilishikwa na kizunguzungu, nikaizima kabla hujanifikisha jikoni. Usikasirike. Nami nilikuwa na hamu ya kuliona jiko la mama yangu."

Tumu hakukasirika. Aliikunja barua, akaifunua, akaikunja tena. Alijua kosa lilikuwa wapi. Kamera aliiweka begani, na bega la mtu anayetembea haliachi kupanda na kushuka.

Kazi hiyo alifunzwa na Bwana Ghalib, mwenye studio ndogo ya picha pale Changamwe. Siku ya kumpamba bibi harusi, pale wanawake wanapojivua mabuibui na kucheza watakavyo, hapaingii mwanamume, awe na kamera, awe na nini. Ghalib alikosa kazi nyingi kwa sababu ya ndevu zake. Ndipo akamchukua Tumu, msichana aliyemaliza shule ya msingi akakaa nyumbani, mwenye maneno machache na macho mengi. Akamfundisha kamera ya video, na harusi za Jomvu, Miritini na Mikindani zikawa zake.

Siku moja Ghalib aliitwa na Katana, mlinzi wa ghala moja la vitu vilivyokosa wenyewe huko karibu na Kipevu, akatazame taa za picha. Akaenda na Tumu. Taa zilikuwa zimevunjika. Lakini kando yake palikuwa na masanduku mawili meusi yaliyoachwa na watu wa filamu kutoka ng'ambo, na ndani mlikuwa na kitu ambacho Tumu hajapata kukiona: fulana ngumu yenye mikanda na vifungo vya chuma, mkono wa chuma wenye springi ndani, na nguzo fupi yenye televisheni ndogo chini, isiyozidi sahani ya kikombe.

"Hiyo ya wagonjwa," Katana alisema. "Mtu akivunjika mgongo, afungwa hiyo."

"Mgonjwa wa mgongo na televisheni?" Ghalib alicheka. "Aangalie nini, mgongo wake? Yakhe, hii ni ya kamera. Niliiona gazetini. Kamera yakaa juu ya nguzo, nguzo yashikwa na mkono, mkono wafungwa kwenye fulana. Unatembea, unapanda ngazi, picha imetulia kama maji mtungini."

Tumu aliinama akaugusa ule mkono. Ulishuka, kisha ukapanda taratibu, wenyewe.

"Kama mtu anavyoona kwa macho yake akitembea?"

"Hivyo hivyo."

"Basi tuichukue."

"Tuichukue mimi na nani? Wateja wangu wa pasipoti hukaa juu ya kigoda, hawatikisiki."

"Mwanaima anaolewa mwezi wa nane," Tumu alisema. "Mume wa mama ni mgonjwa, mama hawezi kumwacha. Mimi nitakufanyia kazi mpaka Ramadhani, usinilipe."

Ghalib alimtazama. Katika miaka mitatu msichana huyu hakuwahi kumwomba hata ruhusa ya kuondoka mapema. Akamgeukia Katana, wakaanza kuvutana bei.

Kununua kulikuwa rahisi. Taabu ilianza studio. Chini ya nguzo, kando ya ile televisheni, palikuwa na betri kubwa kama tofali. Ilikuwa imekaa ghalani miaka, haikushika chaji hata kidogo. "Maiti hii," Ghalib alisema, akaing'oa akaiweka rafuni. "Kamera ina betri yake ndogo. Ya nini kukubebesha mzigo wa bure?"

Tumu akavaa fulana. Ilikuwa imeshonewa kifua cha mwanamume, akaijazia leso mbili ndani mpaka ikamkaa. Ghalib akaipandisha kamera juu ya nguzo, akaachia. Kamera ikainama kama mtu anayesinzia, kisha ikapinduka kichwa chini miguu juu. Wakaikaza hapa, wakailegeza pale. Ikapinduka tena.

"Springi zimekufa," Ghalib alisema.

Kwenye mkono ule palikuwa na kibati chenye anwani ya kiwanda, Marekani. Ghalib, aliyekuwa na Kiingereza chake cha bandarini, aliandika barua ya kurasa mbili akieleza ugonjwa na kuomba msaada. Tumu ndiye aliyeipeleka posta, na kila siku ya Mungu alipita kutazama sanduku la barua. Mwezi wa tano ukaisha, wa sita nao ukaenda. Mwanaima alishaanza kuwekwa ndani na kusingwa liwa, ngozi yake ikinukia nyumba nzima, na sanduku la posta lilikuwa na buibui tu, yule mwenye miguu minane.

Jibu lilikuja wiki ya saba. Ghalib alilisoma kimya, kisha akalitafsiri. Wanashukuru kwa kuchagua mtambo wao. Wanaomba tarehe ya kununua na nambari ya risiti. Kwa matengenezo, mtambo upelekwe kwa wakala wao wa karibu.

"Yuko wapi?" Tumu aliuliza.

"London."

Ghalib aliikunja barua.

"Wa karibu huyo!" Ghalib alisema. "Basi na tupande feri ya Likoni, tumwambie nahodha atushushe London."

Alicheka peke yake. Tumu alikuwa anahesabu wiki zilizobaki. Zilikuwa nne.

Jumamosi ile alikuwa barazani anachagua mchele wa harusi, alipopita Kenga, muuza maji, na mzega wake begani, debe mbele na debe nyuma. Mama Mkubwa akanunua debe moja, likamiminwa mtungini. Kenga hakuondoka. Alilirudisha debe tupu, akalijaza nusu kutoka lile jingine, ndipo akainama kuutia mzega begani.

"Si ungekwenda tu na hilo lililojaa?" Tumu aliuliza.

"Dada, mzega hauna huruma. Uupe upande mmoja uunyime wa pili, utakuinamisha mpaka ulambe mchanga."

Tumu alibaki na ungo mapajani. Macho yake yalimfuata Kenga mpaka akapinda kona, madebe yakicheza kidogo, mti umetulia begani. Kisha aliuweka ungo chini, kuku wakaujia, wala hakuwafukuza.

"We Tumu! Mchele!" Mama Mkubwa alipiga kelele. "Una wazimu? Waenda wapi na buibui umelivaa kinyume?"

Alikwenda Changamwe. Ghalib alimkuta ameishusha betri rafuni na kuirudisha chini ya nguzo, mahali pake pa zamani.

"Hiyo si imekufa?"

"Umeme wake ndio umekufa. Uzito wake u hai."

Akaachia mkono. Kamera ilisimama wima. Aliisukuma kwa kidole, ikazunguka polepole, ikakaa. Ghalib alikaa juu ya kigoda cha wateja wake wa pasipoti, akasema, "La ilaha illallah. Na mimi nimeandika kurasa mbili."

Ikabaki kupata nguvu za kuendeshea. Betri ndogo ya kamera haikumaliza hata nusu saa, na kupamba ni jambo la tangu alasiri hadi wanawake wachoke wenyewe. Tumu akaenda kwa Tsofa, mzee aliyechaji betri za watu wasio na umeme nyumbani, akachagua ya pikipiki yenye volti sawa na kamera.

"Hii ina maji makali, mwanangu," Tsofa alimwonya. "Usiilaze. Ikimwagika, itakula nguo na ngozi."

"Hailali, baba. Mtambo wangu haulazi kitu."

Fundi wa redio akaiungia waya. Betri ile ilikuwa nyepesi kuliko ile maiti, Tumu akaongeza vifuko vya mchanga, chembe kwa chembe, hata nguzo ikasimama. Kisha akajifunza kutembea. Aliinamisha magoti kidogo, akaweka kisigino kwanza, unyayo baadaye, kama mtu anayepita penye mtoto aliyelala. Alizunguka ua wa studio mpaka mgongo ukamuuma na leso zikalowa jasho.

Siku ya siku, wanawake walipomwona na chuma kile, nyumba iliangua kicheko.

"Jamani, bibi harusi ni yupi? Huyu wa liwa au huyu wa chuma?"

"Mwacheni, ameogopa kuibiwa kifua!"

"Tumu, mwanamume akikuoa wewe atakuja na spana!"

Tumu alitabasamu. Alianza nje, penye viatu vya wageni. Akapanda baraza, akapita ukumbini katikati ya waimbaji, hakukimbia, hakusita. Mbele ya kila kitu alijiuliza: angekuwa mama, angetazama wapi? Akageuza kamera palipokuwa na kiti cha marehemu bibi yao. Akashuka ngazi mbili za uani, zile zilizoipigisha kamera kwikwi mara ya kwanza, na picha kwenye televisheni ile ndogo ikashuka kama unyoya. Akaingia jikoni. Moshi, masizi ya ukutani, mafiga matatu, Mama Mkubwa na mwiko wake. Alikaa humo muda mrefu kuliko alivyotakiwa kukaa mpiga picha yeyote.

Mwisho alimfikia Mwanaima, amepambwa kwa asumini na hina, macho chini. Mwanaima aliinua uso akaitazama kamera, akasema taratibu, "Karibu, Mama."

Kanda ikaondoka na msafiri, pamoja na barua ya kueleza mtambo na betri yake ya pikipiki. Jibu halikukawia safari hii. Lilikuja pamoja na kifurushi kizito, baada ya wiki tatu tu.

"Mwanangu," Bi Kulthum aliandika, "nimeiona mpaka mwisho, nikaianza tena. Nilipofika zile ngazi nilishika ukuta nisianguke. Jikoni nilisikia harufu ya moshi, wallahi. Mwanaima aliponikaribisha niliitikia 'Abee!' peke yangu sebuleni, mume wangu akadhani kuna mgeni. Sasa roho yangu imepoa. Nimefika nyumbani. Ile nauli niliyokuwa nikiiweka sina haja nayo tena mwaka huu, huenda na mwaka ujao. Nimekuagizia kwayo betri ya kweli ya huo mtambo wako, imetoka Dubai. Safari nyingine nipeleke kwa Mwanaima, unitembeze vyumba vyote."

Ghalib alikifungua kifurushi akaruka kama mtoto. "Mpya! Ya kiwanda chenyewe! London imetufuata mpaka Changamwe! Njoo uishike!"

Tumu aliishika kwa mikono miwili. Ilikuwa nzito.

"Mbona hufurahi?" Ghalib aliuliza.

"Nafurahi."

"Sura ya furaha haiko hivyo."

"Hii ni nauli ya mama," Tumu alisema, akaiweka juu ya meza polepole. Ghalib alichukua kitambaa, akapangusa lenzi.

Miezi ikapita kabla Tumu hajafanya alilotumwa. Alipokwenda Mjambere, Kisauni, walikokuwa wakikaa Mwanaima na mumewe, Mwanaima alikuwa na mimba ya miezi saba, na mama yao alikuwa hajaambiwa. "Ataniona kwenye picha," Mwanaima alisema. Alivaa dera jipya, akakaa chumbani juu ya kitanda, nyuma ya pazia la mlango, akangoja.

Tumu alifunga vifungo vya fulana huko barabarani. Betri ya Dubai ilikaa mahali pake bila ya mchanga. Akatembea. Kichochoro, mpapai wa jirani, kizingiti, ukumbi mdogo wenye mkeka mpya. Picha ilitulia mno. Mtu angeweza kusahau kwamba kuna kamera. Alifika penye pazia, mkono wake ukanyooka kulifunua, na hapo akasimama.

Nyuma ya pazia lile palikuwa na jambo la mwisho ambalo mama yake hajaliona, la mwisho la kumtia safarini.

"Ingia basi," Mwanaima aliita. "Mbona umeganda? Nakaa nimejibana tumbo huku, mtoto ananipiga mateke!"

Tumu aliiacha sauti ile iingie kwenye kanda, yote, pamoja na kicheko kilichofuata. Upepo ulilisogeza pazia kidogo, ukaonekana unyayo mmoja uliovimba, wenye hina, kisha pazia likarudi. Tumu alihesabu pumzi kumi, nguzo haikutikisika hata kidogo. Akabonyeza, taa nyekundu ikazimika.

"Basi," alisema.

"Basi nini? Hujaingia."

"Mwenye kuingia ataingia mwenyewe."

Mwanaima alilifunua pazia, mkono mmoja kiunoni. Alimtazama dada yake, mtambo wote ukimning'inia kifuani, akaelewa.

"Na asipokuja, dada?"

Tumu aliitoa kanda ndani ya kamera, akaitafuta kalamu, akaiandikia anwani ya Maskati papo hapo, ameiegemeza kwenye ukuta wa ukumbi, kabla moyo haujambadilikia.