Mpaka Aseme Amemaliza

Pfff.

Sauti hiyo ilitoka puani mwangu, na Tulia aliisikia akiwa amefumba macho. Alikuwa ameinamisha kichwa juu ya sahani yake, midomo ikicheza taratibu, anashukuru kwa chakula. Hakushtuka. Aliimaliza sala yake yote, ndipo akafumbua macho na kunitazama.

"Umefanya nini?"

"Nimepumua."

"Kazi yangu kutwa nzima ni kuwaangalia watu wakipumua," akasema. "Huko si kupumua."

Ni kweli. Tulia ni mpiga eksirei. Tulikuwa kwenye kantini ya hospitali anakofanya kazi, meza ya pembeni karibu na sinki la kunawia mikono, naye bado amevaa koti lake jeupe. Hilo jina la Tulia nilimpa mimi, kwa sababu kutwa anawaambia wagonjwa: tulia, vuta pumzi, shikilia, haya pumua. Mimi ni mchora mabango. Mikono yangu haiishi rangi, na mdomo wangu, kwa maelezo yake yeye, haujui kufungwa.

"Umeniambia mara ngapi kwamba huna shida na imani yangu?"

"Sina shida nayo! Mimi siamini kama Mungu yupo, wewe unaamini, basi, kila mtu na lake. Nimewachorea mabango watu wa dini zote katika mji huu. Kuna mtu mwelewa kuliko mimi?"

"Wewe huna shida," akasema. "Pua yako inayo."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa nimemwomba tuoane, akaniambia nimpe muda afikiri. Sasa akaweka kijiko chini, nikajua muda umekwisha.

"Sikiliza. Mimi nasali kila siku, na nitasali mpaka nife. Sitaki kuzeeka nikiisikia pua ile nyuma yangu. Kwa hiyo nenda kwa baba. Muulize kwa nini anasali, kisha nyamaza mpaka amalize. Atasema mwenyewe, 'Nimemaliza.' Ukiweza hilo, mara moja tu, njoo tupange harusi. Ukishindwa, niache mapema kabla sijakuzoea zaidi."

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu."

Nilitoka pale nikiona nimependelewa. Kusikiliza! Mtoto mdogo anaweza kusikiliza.

Baba yake ni fundi saa. Kibanda chake kiko chini ya ngazi za jengo moja la zamani, mbao hadi kiunoni na vioo juu, na ukutani saa zimejaa, kila moja inasema lake. Nilimkuta ameinama, kioo cha kukuzia amekibana jichoni, na mbele yake, juu ya kitambaa cheupe, iko saa ya mkono iliyofumuliwa. Nikamwamkia, akaitikia bila kuinua kichwa. Nikasimama dirishani, nikamuuliza swali langu.

"Kwa nini nasali?" Akafikiri kidogo. "Swali zuri. Hebu ngoja. Unaiona saa hii, kijana..."

Damu ikanichemka. Saa! Nilijua tu! Hoja hiyo nimeisikia tangu niko shule: saa haiwezi kujitengeneza yenyewe, basi na dunia lazima ina fundi wake. Mtu mzima ananiletea hilo hilo, tena bila aibu!

"Mzee, samahani," nikasema, "hapo usiendelee." Nikamweleza. Nikamwambia saa haizai na mti unazaa. Nikamuuliza huyo fundi wa dunia naye katengenezwa na nani. Nikagonga kioo kwa kidole. Nikamtajia magonjwa, matetemeko, na meno ya watoto wadogo yanayooza kabla hawajajua kusema. Mshonaji wa duka la jirani akatoa kichwa nje kuangalia kama kuna ugomvi.

Nilipotua kuvuta pumzi, mzee akakitoa kile kioo jichoni.

"Umemaliza?"

"Kwa hapo, ndiyo."

"Nilitaka kukuambia kwamba mimi siioni. Umeniziba mwanga."

Nikasogea.

"Na hiyo hoja yako ya saa," akaongeza, akikirudisha kioo jichoni, "mtu aliyewahi kuifungua saa hawezi kutoa hoja hiyo. Ungejua takataka ninazozikuta humu! Haya, nenda salama. Hii ni ya mwalimu, anaifuata saa nane."

Jioni nilipomsimulia Tulia, alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Alikuwa anakuomba usogee!"

"Ningejuaje? Wote huanza hivyo hivyo."

"Wote akina nani? Wewe hasa huwa unamjibu nani?"

Hapo na mimi nikapandwa na hasira. "Nawajibu walioniambia nitachomwa moto! Nikiwa na miaka kumi na mitano niliuliza swali moja katika nyumba ya ibada. Moja, kwa adabu zote. Nikasimamishwa nje juani mpaka ibada ikaisha, na mama yangu mzazi akapita mbele yangu bila kunitazama. Shangazi yangu mpaka leo hanipi mkono. Mbona wao hakuna anayewatuma waje kunisikiliza mimi?"

Tulia akanishika mkono, na rangi zake.

"Hilo hukuwahi kuniambia."

"Hukuwahi kuniuliza."

"Nimekosa," akasema. "Lakini baba yangu hakukusimamisha juani. Kila ukizungumza na sisi unamjibu mtu ambaye hayupo. Rudi kwake."

Nikarudi Alhamisi, safari hii nimejipanga. Nilisimama pembeni nisizibe kitu, mdomo nimeufunga kama kopo la rangi, na mkononi nina daftari na penseli. Mzee akaanza kwa kunieleza habari za mkewe alipougua. Mimi kimya. Akaendelea. Mimi kimya, naandika. Nilikuwa najipongeza moyoni kwa jinsi ninavyosikiliza, mara yeye akanyamaza.

"Unaandika nini?"

"Nakusikiliza, mzee. Sitaki kusahau."

"Nisomee."

Sikuwa na pa kukimbilia. Nikasoma: "Moja, hisia si ushahidi. Mbili, wanaopona huhesabiwa, wanaokufa hawahesabiwi. Tatu, muulize kama mkewe alikuwa na daktari."

Akaitikia kwa kichwa, polepole. "Mke wangu aliugua nini?"

Alikuwa amesema. Nina hakika alisema.

"Aliugua kwa muda gani?"

Nikalitazama daftari kana kwamba litanisaidia.

Hakukasirika, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Angefoka, ningejua la kufanya. Akarudi kwenye kazi yake. "Daftari zuri," akasema. "Karatasi yake ngumu."

Mara ya tatu Tulia alikuja nami. Ilikuwa siku yake ya mapumziko. Akaingia kibandani, akajikalia kwenye kigoda cha wateja, mkoba mapajani, uso umekunjwa. "Nimechoka kuletewa taarifa," akasema. "Leo nataka kuona mwenyewe. Ikiharibika leo, basi tena."

Nilielewa maana ya basi tena.

Lakini mzee hakuwa na habari na sisi. "Leo hakuna mazungumzo," akasema. "Nina kazi inayotaka mikono mitatu. Wewe mchora mabango, mkono wako hautetemeki?"

"Mkono wangu unachora herufi ndefu kuliko mtu, tena bila rula."

"Majivuno yaache hapo mlangoni, mkono uingie."

Nikaingia. Akanipa kibano kidogo cha chuma kilichobana springi nyembamba kama unywele, akanielekeza mahali pa kuishikilia. "Hapo hapo. Ukiipumulia itaruka, na ikiruka haionekani tena. Na sina nyingine."

Nyuma yangu nikamsikia Tulia kwa sauti yake ya kazini: "Vuta pumzi. Shikilia."

Nikashikilia. Na hapo ndipo yule mzee mjanja alipoanza kuzungumza.

"Mke wangu aliugua figo," akasema, huku ncha ya bisibisi yake ikitafuta tundu. "Miezi saba. Yeye ndiye aliyekuwa akisali nyumbani kwetu, mimi nilikuwa nasali kwa mazoea tu. Alfajiri anataja watu kwa sauti, mmoja mmoja. Wateja wangu. Mshonaji wa hapo. Yule mama wa ghorofa ya pili tuliyekuwa hatusemezani naye. Basi alipougua, nikasali kweli. Nikasali kama mwendawazimu. Hakupona."

Majibu manne mazuri yalipanga foleni nyuma ya meno yangu. Springi ikatikisika. Nikayameza.

"Wenzangu wa ibada wakaja, wakaniambia ni mpango wa Mungu. Nikawaonyesha mlango. Akaja mwingine, mwerevu kama wewe, akaniambia sasa umeona mwenyewe, huko juu hakuna mtu. Naye nikamwonyesha mlango ule ule. Kila mmoja alimchukua mke wangu akamfanya mfano wa hoja yake. Sogeza kidogo kushoto. Hapo.

"Mwaka mzima sikusali. Sitakudanganya, sikupungukiwa na kitu. Kazi zilikwenda, usingizi ulikuja. Kisha siku moja nikaona duka la mshonaji limefungwa, na lilikuwa limefungwa siku tatu. Alikuwa amelazwa. Yuko hatua nne kutoka hapa na mimi sina habari. Mke wangu angejua. Basi kesho yake alfajiri nikamtaja. Kisha nikamtaja mama wa ghorofani. Kisha wateja."

Akakipokea kibano kutoka mkononi mwangu, akaiweka springi mahali pake, akaigusa kidogo. Saa ikaanza kwenda. Mkono wangu ulikuwa huru, na pumzi yangu pia. Mzee akachukua brashi, akawa anafagia vumbi la juu ya kitambaa, kimya.

Na mimi nilikuwa na neno, tena neno jema. Nilitaka kumwambia: kumbe, mzee, ni njia yako ya kuwakumbuka watu! Hilo hata mimi nalikubali kabisa. Nilijiona mkarimu, nilijiona mwelewa kuliko siku zote za maisha yangu. Nikafungua mdomo, nikageuka kumtazama Tulia.

Alikuwa amefumba macho. Alikaa hivyo hivyo, ameukamata mkoba wake kwa mikono yote miwili, anasubiri ile sauti.

Mzee hakuwa amesema amemaliza. Nikafunga mdomo. Saa zote za ukutani zilikuwa zikinigongea kichwani, na ninaapa sijawahi kubeba kitu kizito kama lile neno.

"Sasa," mzee akaendelea, "watu wakinisikia mpaka hapo husema, aa, kumbe ni zoezi la kuwakumbuka majirani. Wanaipunguza imani yangu mpaka iwaenee wao, kisha wanajisifu kwamba wamenielewa. Sivyo. Nikiwataja, nawataja kwa mtu. Siku nyingine nahisi nazungumza na ukuta. Siku nyingine najua nasikilizwa, kama ninavyojua mguu wangu uko wapi gizani. Siwezi kukuonyesha, wala sijaribu. Na wewe nakutaja, tangu siku ile uliponiziba mwanga." Akafunika mgongo wa saa, ukalia *tap*. "Nimemaliza."

Uso ulikuwa unaniwaka. Lile neno langu jema alikuwa ameniletea mkononi, limeshasemwa na watu wengi kabla yangu. Kwa mara ya kwanza nilikuwa mbele ya mtu wa dini nikiwa sina jibu, nina swali.

"Unaniombea nini, mzee?"

"Upunguziwe maneno."

Tulia akafumbua macho, akacheka mpaka mkoba ukamponyoka. Hata mimi nikacheka. Na bado siamini, nisieleweke vibaya. Nilitoka katika hadithi ile nikiwa vile vile nilivyoingia, ila sasa nilijua mkewe aliugua figo, na aliugua miezi saba.

"Haya, zamu yako," mzee akasema, akifuta mikono. "Wewe kwa nini husali?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo, kwa sauti ya kutaka kujua. Nikavuta kiti. Nikatafuta pa kuanzia.

"Nilikuwa na miaka kumi na mitano, mzee. Nikauliza swali moja..."

"Aa, umri huo! Kila kijana wa umri huo lazima..."

"Baba!" Tulia aliipiga meza kwa kiganja, saa zikarukaruka. "Hajafika hata sentensi ya tatu!"

"Nimetia neno moja tu!"

"Yeye kakusikiliza mpaka kakosa pumzi, na wewe umeshindwa kungoja ameze mate! Jamani, mmenichosha. Nyote wawili mmenichosha. Mmoja nitaishi naye, mwingine nitamtembelea kila wiki, na sitaki kuwa refa katika nyumba mbili!"

"Yupi utaishi naye?" nikauliza haraka.

"Wewe nyamaza, hujamaliza hadithi yako."

Lakini alikuwa akitabasamu, ameangalia chini. Nikachukua kibano juu ya kitambaa, nikabana springi moja kuukuu kutoka kwenye kisahani cha vyuma vibovu, nikampa baba yake.

"Nishikie hapo hapo, mzee. Usipumulie."

Akakitazama kibano, akanitazama mimi. Kisha akakipokea, akakiweka chini taratibu, na kile kioo cha kukuzia akakitia mfukoni.

"Kibano sikihitaji," akasema. "Nakuahidi, mbele ya binti yangu: sitatia neno mpaka useme umemaliza. Haya. Ulikuwa na miaka kumi na mitano."