Yosefu Kichwa Chini

Picha ya uchaguzi ya Idalina Furtado ilipigwa na mumewe, Gil, kando ya maua ya jirani, sekunde moja kabla ya chafya. Macho nusu yamefumbwa, pua imepanda, mdomo wazi.

"Hii ndiyo yenyewe," Gil akasema. "Unaonekana mtu wa kusikiliza."

Basi mabango yakachapishwa, Idalina akiwa na ile sura yake ya kutaka kupiga chafya, na chini yake maneno makubwa: IDALINA ANASIKILIZA. Mji mzima wa Brannock, Ontario, ukapandwa mabango hayo kwenye nyasi za mbele ya nyumba, na mpaka leo wapo wanaomwambia "afya!" wakipishana naye sokoni.

Alikuwa anagombea ujumbe wa bodi ya shule za Kikatoliki. Kazi hiyo watu wengi hawajui ni kazi gani, ila kila mtu ana la kuidai. Mlango wa kwanza aliobisha alitoka mzee mwenye kandambili.

"Lile shimo la barabarani utaliziba lini?"

"Mimi ni wa bodi ya shule, mzee wangu."

"Sawa. Shimo utaliziba lini?"

Mlango wa pili waliuliza habari za takataka. Wa tatu alitoka mbwa, na huyo angalau hakuuliza kitu. Idalina aliona nyumba kwa nyumba itamtoa roho, akarudi saluni kwake, kwa kuwa yeye ni msusi, na mtu mwenye povu kichwani hana pa kukimbilia. Hapo ndipo alipowashika wapiga kura wake, mmoja mmoja, shingo ikiwa ndani ya beseni.

"Shule ya Genoveva haiuzwi," aliwaambia. "Mkinichagua mimi, haiuzwi."

Na hilo lilimtoka moyoni. Kwa Mtakatifu Genoveva ndiko alikojifunza kusoma, yeye na bintiye baada yake. Sasa nusu ya madarasa yalikuwa matupu, wazazi vijana wamehamia kwenye nyumba za bei nafuu, na bodi ilishaanza kunong'ona kuhusu kuuza. Mama yake, Dona Zulmira, mjane aliyekuwa akiishi chumba cha chini ya nyumba ya Idalina, alimpigia kampeni kuliko wote. Kila Jumapili baada ya misa alisimama mlangoni mwa kanisa na sinia la maandazi ya kwao visiwani Azori. Hakuna aliyeondoka na andazi bila kutaja jina la mgombea.

Idalina akashinda. Gil akalia, Dona Zulmira akasema maandazi ndiyo yaliyoshinda.

Raha yenyewe haikufika mbali. Kwenye kikao cha bodi, mwenyekiti Dermot Killoran, mzee wa sauti laini ambaye aliwahi kuwa mkuu wa shule na bado anakutazama kama umechelewa, alisali sala ya kufungua kikao, kisha akauliza nani anataka Genoveva iuzwe. Mikono mitano ikanyooka. Waliopinga walikuwa wanne, Idalina akiwamo.

"Tupige kura tena!" akapaza sauti.

"Binti yangu," akasema Killoran, "kwa kanuni zetu, jambo likishaamuliwa haliwezi kufunguliwa tena ila na mmoja wa walioshinda. Wewe umeshindwa. Tuendelee. Kuna suala la rangi ya soksi."

Soksi zikajadiliwa saa nzima, na Idalina akakaa pale amenuna.

Majira ya baridi yakaingia na bango la INAUZWA likasimikwa mbele ya shule. Hatua chache kutoka hapo lilisimama bango lake mwenyewe, la mwisho, ambalo Gil alilisahau mpaka ardhi ikaganda na miguu yake ya waya ikashikwa barabara. Miezi yote ile sura ya chafya ikachungulia juu ya theluji, jirani ya INAUZWA. Saluni nako wateja hawakumbakizia.

"Idalina, si ulisema haiuzwi? Mbona ina bango?"

"Mawili! Na la pili lina mafua!"

Alicheka nao kwa sababu ni wateja. Lakini aibu ilimla. Alikuwa ametoa neno lake, na neno hilo sasa lilikuwa limesimama kwenye theluji kila mtu analiona.

Theluji ilipoyeyuka, katikati ya Kwaresima, alikwenda na Gil kung'oa lile bango. Alilivuta kwa hasira zote za majira ya baridi. Likatoka, na kwenye mguu mmoja wa waya akaning'inia mtu mdogo wa udongo wa kuchoma, ndevu zimejaa matope, amenaswa kwapani.

"Mtakatifu Yosefu," akasema Gil, akavua kofia.

Hawakuhitaji kuambiana zaidi. Mkatoliki wa Brannock akitaka nyumba yake inunuliwe upesi, humfukia Mtakatifu Yosefu uani, kichwa chini miguu juu, na kumwacha huko mpaka mnunuzi aje. Idalina mwenyewe aliuza hivyo nyumba ya shangazi yake.

"Kuna mtu anamtumia mtakatifu dhidi yangu!" akafoka. "Gil, lete koleo!"

Wakachimba. Akatoka Yosefu wa pili, wa plastiki. Akatoka wa tatu, kajaa tope kiasi kwamba hujui mbele wala nyuma. Wote vichwa chini. Idalina akawatia kwenye ndoo, akajifunga skafu yake vizuri na kushika njia ya ukumbi wa parokia, kwa sababu ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa za Kwaresima Wakatoliki wote wa Brannock wako pale wanakula samaki wa kukaanga.

Akaingia na matope yake mpaka meza ya Killoran, akaitua ndoo katikati ya kabichi na chipsi.

"Mwenyekiti, wa kwako ni yupi?"

"Idalina, hapa si mahali pa..."

Akamtoa yule wa udongo, akamfuta kwa karatasi ya mezani. Noreen, mke wa Killoran, akaacha uma ukaanguka.

"Dermot! Huyu si Yosefu wa pango langu la Krismasi?"

Killoran akawa anamtazama samaki wake.

"Krismasi nzima!" Noreen akasimama. "Krismasi nzima Maria amekaa na mchungaji wa kondoo! Wajukuu wananiuliza kama wameachana! Nikamsingizia dada yangu, mpaka leo hatusemezani, kumbe mwizi ninalala naye!"

"Noreen, ni jambo la bodi..."

"Bodi utalala nayo wewe!"

Watu wakavunjika mbavu. Idalina, kichwa kimeshapata moto, akamwinua yule wa plastiki. "Na huyu?"

Padri Wnuk alikuwa kwenye kikaango, amevaa aproni, yeye ambaye Jumapili iliyopita tu alihubiri kwamba Mtakatifu Yosefu si dalali wa nyumba. Masikio yakamwiva.

"Kanisa halina maegesho," akasema polepole. "Nilifikiri mnunuzi angetukatia kipande."

"Padri!"

"Nitaungama, Idalina. Kula samaki."

Akabaki wa tatu. Idalina akamchovya kwenye jagi la maji, akageukia ukumbi. "Na huyu msaliti wa mwisho ni nani? Ajitokeze!"

Tope likamwagika. Lilionekana joho la bluu, na kwenye joho alama nyeusi ya kuungua. Idalina aliijua ile alama. Ni yeye aliyeangusha mshumaa, akiwa mtoto wa miaka mitano, akachapwa.

"Ni wangu," akasema Dona Zulmira kutoka meza ya pembeni, bado anatafuna. "Mlete. Usimshike mguu."

Idalina akaenda.

"Mama. Si wewe uliyeniombea kura?"

"Nilikuombea ushinde, ukashinda. Yosefu nikamwomba wauze. Mambo mawili hayo."

"Lakini kwa nini?"

"Walisema ikiuzwa watatengeneza vyumba vya wazee." Dona Zulmira akaifuta ile alama ya kuungua kwa kidole gumba. "Kule chini kwako dirisha langu linaonyesha matairi na viatu vya watu. Nataka dirisha la kuona nyuso. Na mlango wangu mwenyewe, niufunge mwenyewe."

"Mbona hukuniambia, Mama?"

"Nilikuambia kabla ya uchaguzi, na wakati wa uchaguzi, na baada yake. Ulikuwa nje unasikiliza watu."

Hakusema kwa ukali. Ingekuwa afadhali angesema kwa ukali. Idalina akaketi kando yake, na mbele ya parokia nzima akalia machozi, huku mama yake akimsogezea chipsi.

Mwezi uliofuata Killoran, aliyekuwa bado analala sebuleni, alinyoosha mkono akiwa mmoja wa walioshinda na kuomba suala la Genoveva lifunguliwe upya. Safari hii Idalina hakupaza sauti. Aliomba nusu yenye watoto ibaki shule, na nusu iliyo tupu ikodishwe iwe vyumba vya wazee. Mikono yote tisa ikanyooka. Noreen alikuwa amekaa mstari wa mbele, Yosefu mapajani.

Siku hizi Dona Zulmira anaishi chumba cha kona, darasa lile lile Idalina alimojifunza kusoma. Yosefu wake amesimama dirishani, kichwa juu, anautazama uwanja wa michezo. Na nyumbani kwa Idalina mama hapigi simu. Anapiga namba ya malalamiko ya wananchi, inayoita saluni kwa Idalina.

"Mheshimiwa Furtado? Mimi mkazi wa Genoveva. Watoto wana kelele."

"Mama, ni mapumziko."

"Naripoti tu."

Anaripoti kila siku. Kelele, mpira ulioupiga mlango wake, wasichana wanaoimba vibaya. Juzi simu ilipolia mapema, Idalina alishaanza kuomba radhi kabla hajaulizwa.

"Mheshimiwa, leo hakuna kelele. Nimekaa dirishani tangu alfajiri. Wako wapi?"

"Shule imefungwa leo, Mama. Theluji."

"Imefungwa! Kwa ruhusa ya nani? Mimi sikuulizwa!"

Mteja alikuwa kwenye beseni, povu kichwani. Idalina akamfunika taulo, akavuta kiti, akakaa.

"Nakusikiliza, Mama," akasema. "Nieleze yote."