Kijiko Kinaita

Nyumba mpya, mende wa zamani! Kila nilipokoroga chai, kijiko kikigonga kikombe, walitoka nyuma ya kabati wakajipanga mezani kama watoto wanaosubiri kupakuliwa.

Jirani yangu, mama mshona nguo, alicheka. "Marehemu aliyekaa humo alikuwa mpweke, mwanangu. Aliwaita hivyo hivyo, akawagawia makombo."

"Upweke gani huo wa kufuga mende!" nikafoka. Nikapuliza dawa kila ufa, nikafagia mizoga yao hadi nje.

Tangu hapo sinywi chai nyumbani. Lakini jikoni, mlango ukiwa umefungwa, kijiko hugonga kikombe taratibu. Anawaita. Hakuna anayetoka.

Jana kiligonga mno, uvumilivu ukanishinda, nikaitika, "Abee!"

Kijiko kikanyamaza. Nikasikia kiti kikivutwa.