Nani Kaanua Matanga?

Maganga aliposhuka kwenye bodaboda pale Kimamba, kitu cha kwanza kusikia kilikuwa kilio, na kilio chenyewe kilitoka nyumbani kwake.

Asubuhi hiyohiyo alikuwa Mikumi, kibandani kwake, anaziba pancha kando ya barabara kuu, na hakuna aliyempigia simu. Uani mikeka imetandikwa, wanawake wamejaa, moshi wa kuni unapanda nyuma ya nyumba. Sasa wewe, mtu mzima na akili zako, ukikuta msiba kwako utafanyaje? Huwezi kuanza kuuliza amekufa nani hata hujakaa. Akavua kofia, akaenda upande wa wanaume, akaketi kwenye benchi na kuinamisha kichwa.

"Poleni," akasema.

"Tumeshapoa," akajibu mwanamume wa pembeni, mtu asiyemjua hata kwa sura.

Maganga akawatafuta watu wake kwa macho. Dada yake Paulina yule pale, amesimama katikati ya ua. Mkewe Bernadetha hakumwona. Ee Mungu, asiwe Bernadetha. Miezi saba tu ilikuwa imepita tangu azikwe binti yao Jackline, na Maganga hata jeneza hakuliona. Homa ilimchukua msichana kwa siku mbili, basi alilopanda baba yake likazuiwa na maji njiani, akafika Kimamba kaburi limeshafukiwa.

Na kwenye ukoo wao matanga hayaanuliwi mpaka baba wa marehemu atamke. Akishatamka, ndugu hukusanyika, shangazi mtu huwanyoa wazazi nywele, ua hufagiwa, na marehemu anaachwa aende zake. Maganga hakutamka. Kila walipompigia simu alisema subirini nipate nafasi, na nafasi, we acha tu, haikupatikana. Ukweli ni kwamba hakutaka. Matanga yakianuliwa Jackline atakuwa amekufa, na yeye hakuwa tayari mwanawe afe.

Mwanamke mwenye kipara, aliyeketi kwenye kigoda mbele ya Paulina, akageuza uso. Alikuwa Bernadetha.

"Kata!" mtu akapaza sauti.

Vilio vikakoma palepale. Mama mmoja akafuta machozi, akauliza kama wali umeiva. Kijana mwembamba aliyeshika kamera akamjia Maganga, meno yote nje.

"Shikamoo, mzee. Umekaa vizuri sana pale. Mimi ndiye dairekta, naitwa Kelvin. Umeletwa na nani?"

"Marahaba. Nimeletwa na pikipiki. Hapa ni kwangu. Amekufa nani?"

"Hajafa mtu, mzee. Tunashuti muvi ya familia iliyofiwa."

"Imefiwa na nani?"

"Na binti yao."

Maganga akamtazama kijana, akatazama masufuria, akatazama kichwa cha mkewe. Ua ni wake, mke ni wake, dada ni wake, na aliyefiwa na binti ni yeye. Sasa muvi ni ya nani? Akamwendea Bernadetha.

"Mama Jackline, ni nini hiki?"

"Waliomba ua, nikawapa."

"Na nywele?"

"Walitaka mama wa kunyolewa. Waigizaji wao wakagoma, wamesuka. Nikasema nitanyolewa mimi."

"Basi ni mchezo."

"Kwao mchezo." Bernadetha akapitisha kiganja kichwani. "Baba Jackline, miezi saba nalala na msiba, naamka na msiba, nakungoja wewe. Nimechoka. Mimi nimenyolewa kweli. Na nilimlilia mwanangu kwa jina lake, siyo lile la kwenye karatasi zao."

Hasira zikampanda Maganga. Akamgeukia dada yake.

"Na wewe, Paulina, ukashika wembe bila mimi. Haya niambie, yameanuliwa au hayajaanuliwa?"

Paulina akautazama wembe mkononi.

"Sijui, kaka. Nilianza naigiza. Wifi alipomtaja mtoto, mimi nikajikuta nanyoa kweli. Wewe hukutamka, ni kweli. Lakini mtoto alivyoliliwa pale, naye ni kama ameagwa. Sijui."

Maganga akamrudia Kelvin. "Hiyo uliyopiga inafutika?"

"Inafutika, mzee, ila..."

"Ifute."

Kelvin akamtazama Bernadetha ili amwombee.

"Ifute tu," Bernadetha akasema. "Mimi nimeshamaliza."

Akainuka, akakung'uta nywele kwenye kanga yake, akaacha kigoda kitupu. Ua mzima ulikuwa unamtazama Maganga. Hakuelewa muvi, hakuelewa matanga yamefika wapi, ila hili moja alilielewa vizuri: kwenye nyumba ile aliyebaki na msiba ni yeye peke yake.

Akakaa kwenye kigoda. Kelvin akanyanyua kamera taratibu.

"Iweke chini hiyo," Paulina akamwambia, huku akilowesha wembe. "Tamka, kaka."

Maganga akainamisha kichwa.

"Jackline amekufa," Maganga akasema. Kisha akamwinulia mkewe macho, maana yeye hakuona kifo wala maziko, na mwenzake ndiye aliyekuwapo. "Si ndiyo?"

"Ndiyo, Baba Jackline," Bernadetha akajibu. "Amekufa."