Alama ya Askari wa Farasi

Syombua alikuwa ametoka Tulia hadi Kalamba kuuliza jambo moja tu: farasi wa babu ya baba yake aliitwa nani? Bango la mkutano wa ukoo lilishachapwa, "Shujaa wa Farasi", na jina la mnyama ndilo lililobaki.

"Hilo sikuambiwa," alisema Susu Mwongeli, nyanya yake kwa Kikamba, binti wa mwisho wa askari huyo aliye hai. "Lakini kwani huoni paji lake la uso?"

Syombua alizitazama tena picha mbili za askari huyo alizokuja nazo. Katika ya kwanza mzee, akiwa kijana, amekaa juu ya farasi, uso laini. Katika ya pili, baada ya vita, paji lake lina mfereji toka upande hadi upande.

"Si ni kofia ya jeshi iliyomkata?"

Susu alivua kitambaa cha kichwa. Paji lake lilikuwa na mfereji uleule. Ulichimbwa na mukwa, ukanda wa ngozi unaopita kwenye paji la uso na kushika mzigo mgongoni, aliobebea maji tangu usichana.

"Lakini mukwa ni wa wanawake," Syombua alisema. "Mwanaume Mkamba abebe hivyo? Kwani farasi hakupanda?"

"Alipanda."

"Sasa alama imetoka wapi? Susu, unanichanganya."

Susu alijifunga kitambaa chake bila haraka.

"Farasi aliumwa na mbung'o, akafa njiani," alisema. "Mzigo wake haukufa."