Salamu za Njiani

Kisiwani kwao, kumpita mtu bila kumjulia hali ni kumtukana. Basi binti mmoja fundi cherehani, mgeni mjini, alisimama kumsalimu kila aliyekutana naye, akachelewa kiwandani siku tatu. Msimamizi akamwambia, "Ukichelewa tena, usirudi."

Asubuhi iliyofuata jirani yake, mama wa kisiwa hichohicho aliyetangulia mjini, akamgongea mlango.

"Twende, mwanangu. Wewe tembea, salamu niachie mimi."

"Utawasalimu wote, shangazi?"

"Wote, hata paka!"

Akamfuata nyuma, akiwaambia walinzi na wafagiaji, "Yule mbele ni mwanangu. Anawasalimu sana, ila anawahi kazi!"

Fundi akafika mapema. Wiki iliyofuata alitoka peke yake, na njia nzima walinzi na wafagiaji wakampigia kelele: "Usisimame, dada! Salamu zimeshafika!"