Waliokana kwa Sauti Moja

Perlita Dumancas alikata miwa ya tajiri miaka arobaini, kisiwani Negros, Ufilipino, kabla serikali haijampa hati ya kipande cha shamba hilohilo. Hati ilitoka Februari. Agosti, miezi ya njaa, kinu cha sukari kimelala na miwa haikatwi, tajiri akawaita wote wenye hati kwenye kikanisa cha shambani. Kila mmoja angepata gunia la mchele. Tangu enzi za babu wa tajiri huyo, ukoo wake haukuwahi kutoa hata punje ya bure.

Wakili wa tajiri alisimama mbele ya altare, akasoma karatasi kwa lugha ya mahakama. Hakuna aliyeelewa hata neno. Kisha akauliza kwa lugha yao: "Je, mnakana haki zote juu ya ardhi hii?"

Kukana. Neno hilo zito walilijua kwenye ubatizo na Pasaka tu, padri anapowauliza kama wanamkana Shetani. Sasa wako kanisani, wamesimama, wameulizwa. Midomo ikajibu yenyewe.

"Tunakana." Perlita naye.

"Na mazao yake yote?"

"Tunakana."

"Tumesema nini?" Perlita akamnong'oneza jirani yake, Berto.

"Tumemkana Shetani, Manang," Berto akajibu, akimwita kwa heshima ya dada mkubwa na kumnyooshea tajiri midomo badala ya kidole. "Si yule pale amekaa?"

Msimamizi wa shamba, Noning, baba wa ubatizo wa mwanawe Perlita, ndiyo maana wakiitana kumare na kumpare, akaja na kidau cha wino. "Dole gumba, kumare. Mdomo umeshasema."

"Mdomo umezoea kanisa, kumpare. Dole ni langu."

"Wenzako wote wamekana. Unajiona nani?"

"Binti wa Ambo. Baba naye mlimletea karatasi. Wino wa dole lake niliufuta mimi, na alikufa kibarua wenu."

"Na wajukuu watakula hasira?"

Asubuhi ile wajukuu walikuwa wamekunywa maji ya chumvi wakayaita supu. Berto, kichwa chini, tayari alikuwa akipangusa dole lake kwenye suruali.

Perlita akakunja ngumi, dole ndani.

"Andika amekana kwa mdomo," wakili akamwambia karani. "Mashahidi tunao hamsini."

"Andika na dole hamkulipata," akasema Perlita.

Karani akamtazama wakili, hakuandika. Perlita akatoka mikono mitupu. Nyuma yake foleni ya wino na mchele ikasogea hatua moja, ikaziba nafasi yake.